Yatoe Nje

Siku ya tatu ya kazi, fundi alisimama katikati ya ua wangu akiwa na kipande cha bomba la inchi 4 begani, akaniuliza swali ambalo mafundi wa jiji hili huliuliza kila siku na ambalo wenye nyumba hulijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

"Bosi, maji tuyatoe wapi?"

"Yatoe nje."

Aliitikia kwa kichwa, akatoboa uzio karibu na geti, akalipitisha bomba, akaziba kingo kwa saruji na kuisawazisha kwa mwiko. Kazi yote haikuzidi nusu saa. Jioni, nilipokwisha kumlipa, nilimwaga ndoo mbili za maji uani ili nihakikishe kwamba mteremko umekaa sawa, nikayaona yakiteleza juu ya vitofali vipya vya pevingi, yakikusanyika kwenye kona na kuingia bombani kwa mlio wa mtu anayemeza. Niliridhika. Kwa miaka sita ua wangu ulikuwa tope kila masika, watoto wakiliingiza sebuleni kwa miguu yao, na mke wangu alikuwa amekwisha kunikumbusha vya kutosha.

Jibu lile la maneno mawili limekuwa likinirudia kwa wiki kadhaa sasa.

## Nje ni wapi

Tunakaa Kinyerezi, Dar es Salaam, upande wa mwinuko, mahali ambapo mtu akinunua kiwanja huambiwa kwa fahari kwamba hapa maji hayatuami. Mvua kubwa ya kwanza ya masika ya mwaka huu ilianza usiku wa manane na kufika asubuhi ilikuwa bado haijachoka. Nilitoka na mwavuli, sina haraka, nia yangu ni kuutazama tu ua wangu mpya. Ulikuwa unang'aa. Hapakuwa na dimbwi hata moja. Nikafungua geti.

Bomba langu lilikuwa linatapika. Maji yalitoka yakijaza mdomo wake wote, yakaruka karibu mita nzima kabla ya kuangukia barabara ya udongo, na pale yalipoangukia palikuwa pamekwisha kuchimbika shimo la ukubwa wa karai. Hatua chache chini yalikutana na maji ya jirani wa kulia, kisha na ya nyumba ya kona, ambayo ina mabomba matatu, na yalipofika kwenye mteremko wa pili hayakuwa tena maji ya mtu yeyote. Yalikuwa kijito chekundu chenye upana wa mlango, kikikimbilia korongoni kikiwa kimebeba udongo wa barabara yetu, chupa za plastiki na kandambili moja ya mtoto.

Korongo lile sijawahi kuliona likiandikwa jina kwenye ramani. Hata hivyo ninajua linakokwenda, kwa sababu upande wetu wote wa Kinyerezi humwaga maji yake katika mto Msimbazi.

Na Msimbazi ninaufahamu kutoka upande wa pili.

## Matofali chini ya kitanda

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliishi Magomeni Suna kwa zaidi ya miaka 30, na mimi nilikaa kwake miaka miwili nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Aliyewahi kuishi pale anazijua alama za nyumba za bondeni. Kulikuwa na kizingiti cha saruji kilichofika magotini, ambacho mgeni alijikwaa nacho mara ya kwanza na mwenyeji alikivuka hata gizani. Vitanda vilisimama juu ya matofali mawili mawili, na mengine mawili yalingoja uvunguni kwa ajili ya usiku mbaya zaidi. Friji ilikaa juu ya meza ya zege. Karibu na dari, kwenye msumari, ulitundikwa mfuko wa nailoni wenye vyeti vya kuzaliwa, hati ya mauziano ya kiwanja na picha za marehemu. Ukutani palikuwa na mistari ya tope, mmoja juu ya mwingine, ambayo shangazi alikuwa ameacha kuhangaika kuifunika kwa rangi. Aliitaja kwa matukio: huu wa mwaka alipozaliwa binamu yako, ule wa juu wa El Nino.

"Usiangalie mawingu ya hapa, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Tazama ya Pugu."

Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, ukashuka takribani kilomita 35 hadi unapoingia baharini pale Salender, ukiwa umepokea njiani mito midogo kama Ubungo na Sinza. Kwa hiyo mtu wa Suna angeweza kulala chini ya anga yenye nyota na kuamshwa na mafuriko ya mvua ambayo yeye mwenyewe hakuisikia juu ya bati lake. Hilo watu wa mabondeni walilijua kabla ya kuambiwa na mtaalamu yeyote.

Nisichokuwa nikikijua kabla ya kulala pale ni kwamba maji hayaanzii mlangoni. Huanzia chooni. Usiku mmoja nilisikia sauti ya kububujika, nikadhani shangazi ameacha bomba wazi. Nilipowasha taa, maji meusi yalikuwa yanapanda kutoka kwenye tundu la choo taratibu, na nusu saa baadaye yalikuwa ukumbini. Kile kizingiti cha magotini, kilichojengwa ili kuyazuia yasiingie, sasa kikawa kinayazuia yasitoke. Tuliyateka kwa sufuria na kuyarusha nje juu ya kizingiti hadi mto wenyewe ulipofika na kuifanya kazi yetu isiwe na maana.

Harufu ya usiku ule siwezi kuieleza vizuri bila kusema jambo ambalo jiji zima linalijua na halipendi kulizungumza. Mvua kubwa inaponyesha, kuna watu wa maeneo ya juu ambao hutapisha vyoo. Wanasubiri mvua ikolee, wanatoboa shimo, na mkondo unabeba kilichomo bila gharama ya gari la kunyonya. Kinachobebwa kinafika mahali. Kilifika ukumbini kwa shangazi, na asubuhi tulikisukuma kwa kipande cha bati na fagio la chelewa, huku matangazo ya redio yakitukumbusha kuchemsha maji ya kunywa kwa sababu ya kipindupindu.

## Wabishi

Nilipoanza kazi na kupanga chumba mahali pakavu, nilijiunga na kundi kubwa la wakazi wa Dar es Salaam wanaouliza kila masika, kwa nini wale watu hawahami?

Swali hilo lina raha yake. Linamwondolea muulizaji mzigo wote na kuutua kwa mtu mmoja aliyesimama kwenye maji hadi kiunoni. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoletwa na mvua iliyoelezwa kuwa kubwa kuliko zote zilizorekodiwa jijini tangu 1954, yaliua watu wapatao 40. Shangazi alilala usiku mbili juu ya nyumba ya jirani yenye dari ya zege, na nilipofanikiwa kumpata kwenye simu nilianza kwa pole nikamalizia kwa kumkaripia. Serikali ilitoa viwanja Mabwepande. Baadhi ya majirani zake walikwenda, na baadhi yao walirudi, kwa sababu aliyeuza vitenge Kariakoo au aliyepika chakula cha wabeba mizigo alikuta kwamba nauli ya kwenda na kurudi inakula faida, na kwamba sokoni mtu anayefika saa tatu asubuhi ni sawa na ambaye hakufika.

Desemba 2015 ilikuja rangi nyekundu. Herufi X zilipakwa kwenye kuta bondeni kote, na matinga yakaanza kazi Mkwajuni, Kinondoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mimi, ambaye sikuwa nimeisoma, niliinukuu kwa kujiamini.

"Shangazi, sheria ni sheria. Mmeufuata mto wenyewe."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, na X ilikuwa bado mbichi ukutani nyuma yake. Nyumba yake haikufikiwa mwaka ule, lakini siku hiyo sote tuliamini kwamba ni suala la wiki. Hakukasirika. Alinyoosha mkono wenye vumbi la mchele kuelekea upande wa Jangwani, mbali zaidi ya mahali ulipokuwa ukingo.

"Nilipojenga, mto ulikuwa kule. Mimi sikuufuata. Wenyewe ndio umekuja."

Nilichukulia kwamba ni maneno ya mama mtu mzima anayeipenda nyumba yake. Imenichukua miaka kumi na bomba moja la inchi 4 kuelewa kwamba alikuwa anaeleza jambo linaloweza kupimwa.

## Mto unavyohama

Mto uliopo kwenye udongo laini haukai mahali pamoja, na Msimbazi una kila sababu ya kutokaa. Huko juu, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imeliwa na mkaa na viwanja, na vilima vilivyokuwa vimeshikwa na mizizi vimebaki wazi. Mvua inashuka na udongo. Mkondo unapokuwa na kasi, kama unavyokuwa katika makorongo ya upande wetu, hubeba kila kitu. Unapofika kwenye tambarare ya Kigogo, Suna na Jangwani, kasi inapungua na mzigo unatuliwa. Mwaka hadi mwaka kitanda cha mto kinapanda, nafasi iliyo chini ya daraja inazidi kuwa ndogo, na maji yaliyokuwa yakipita ndani ya mto yanatafuta pa kupita pembeni. Pembeni hapo ndipo kwa shangazi.

Lakini si misitu peke yake, na hapa ndipo ninapolazimika kuitazama nyumba yangu.

Nilipojenga, mchanga uliletwa na tipa iliyokuwa ikifika kabla ya alfajiri. Dereva alizima taa alipokaribia kona. Nilimuuliza fundi wa wakati ule kwa nini wanakuja usiku hivi, akacheka kidogo na kusema kuwa mchanga wa mtoni ni mzuri kwa lipu, haunywi saruji sana. Nilielewa jibu lile kikamilifu. Kuchimba mchanga mtoni kiholela kumekatazwa, na kila mtu anajua kwamba kunaendelea, kwa sababu kila mtu anajenga. Mchimbaji anakula ukingo kwa koleo, ukingo uliobaki unaning'inia, mvua inayofuata inauangusha, na mto unapanuka kwa mita kadhaa kwa usiku mmoja. Ulongoni, jirani na kwetu, madaraja yamewahi kusombwa na watu wakabaki wanavushana migongoni kwa malipo, na mimi mwenyewe nimewahi kulipa ili nivushwe, nikiwa nimekasirika, nikiilaumu serikali kwa sauti, huku kuta za nyumba yangu zikiwa zimepigwa lipu ya ukingo uleule.

Sijui ni tipa ngapi za Msimbazi zilizomo katika kuta zangu. Nakumbuka nilizozilipia zilikuwa kumi na moja.

## Hesabu ya jikoni

Usiku mmoja, watoto walipolala, nilichukua daftari la mwanangu na kukaa jikoni kupiga hesabu ya darasa la saba.

Kiwanja changu ni mita 20 kwa 25. Paa linafunika takribani mita za mraba 160, na pevingi mpya inafunika 240 hivi. Jumla ni mita za mraba 400 ambazo hazinywi maji, au zinakunywa kidogo sana. Mvua ya milimita 80 kwa siku si jambo la ajabu katika masika ya pwani. Milimita 80 juu ya mita za mraba 400 ni lita 32,000. Nikaandika pembeni: simtanki 32 za lita elfu moja. Nikazifikiria zimepangwa mstari kwenye barabara yetu, kuanzia getini kwangu hadi karibu na duka la Mangi, kisha mtu anapita anazipindua moja baada ya nyingine kuelekea korongoni.

Hiyo ni nyumba moja kwa siku moja. Kabla ya pevingi sehemu ya maji hayo ilizama kwenye mchanga wa ua, ikachelewa, ikachafua sebule yangu na kumkera mke wangu. Tope lile nililolilipia ili liondoke lilikuwa ndiyo kazi ambayo kiwanja changu kilikuwa kinawafanyia watu wa chini bila wao kujua.

Sasa niizidishe vipi? Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 mkoani Dar es Salaam, na ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na kwa sehemu kubwa wamejenga pembezoni, juu, katika maeneo ambayo juzi yalikuwa mashamba ya mihogo na mikorosho: Kifuru, Msigani, Malamba Mawili, Kinyerezi. Kila bati jipya ni mwavuli ambao maji yake yanaanguka penginepo, na barabara nyingi za mitaani kwetu hazina mtaro, kwa hiyo barabara ndiyo mtaro.

Masika ya 2024 yalikuwa mabaya katika Afrika Mashariki yote. Tarehe 25 Aprili mwaka huo Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kutokana na mvua zile na athari zake, na kwamba kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika. Kenya, siku chache baadaye, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli yalivunja njia usiku na kufagia nyumba karibu na Mai Mahiu. Kundi la wanasayansi wanaochunguza uhusiano wa matukio ya hali ya hewa na kupanda kwa joto la dunia lilitoa tathmini yake mwezi Mei: mvua ile ilikuwa imeongezewa nguvu kwa takribani asilimia 5 na mabadiliko ya tabianchi, na ukuaji wa miji isiyo na mpango mzuri ulikuwa sababu kubwa ya madhara kuwa makali kiasi kile.

Nimeitafakari sana hiyo asilimia 5. Siidharau, kwa sababu glasi iliyojaa humwagika kwa tone, na joto bado linapanda. Ila nimegundua kwamba katika mazungumzo yetu "tabianchi" limekuwa neno la kustarehesha, maana anayetajwa hapo yuko mbali na hana geti la kugongewa. Asilimia 5 ya lita zangu 32,000 ni lita 1,600. Zilizobaki ni mvua ya siku zote, ambayo babu zetu wa Uzaramo waliiita rehema.

## Mlangoni kwa bahari

Kuna jambo moja la chini ambalo sisi wa juu huwa hatulifikirii, nalo ni bahari. Msimbazi unaingia Bahari ya Hindi kupitia mlango mwembamba, na bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mvua ya Pugu ikifika chini wakati maji yanakupwa, mto unapata pa kwenda. Ikifika wakati yanajaa, mlango umefungwa kutoka nje. Mvua ileile, ya milimita zilezile, inaweza kuwa kero au msiba kwa kutegemea mwezi uko wapi angani. Shangazi, ambaye alizaliwa Mafia, alikuwa na kalenda ya bamvua kichwani, na katika masika aliitumia kuamua usiku wa kulala na viatu.

Kwamba jiji lilijenga karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani, katikati ya tambarare hiyo, kisha likashangaa mabasi yakiogelea, ni kisa ambacho kila mtu ameshakichekea na sitakirudia. Hata Yanga, klabu kongwe iliyojipatia makao jirani na pale, ina uwanja wake wa Kaunda ambao kwa miaka mingi ulikuwa bwawa la vyura. Jina Jangwani lenyewe watani wamelimaliza.

Sasa bonde linabadilishwa. Mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, unakusudia kupanua mkondo, kuinua barabara kwa daraja jipya pale Jangwani, kuihamisha karakana na kuifanya sehemu kubwa ya tambarare kuwa bustani inayoruhusiwa kufurika. Waliokuwa wakiishi ndani ya eneo walifanyiwa tathmini na kulipwa fidia. Shangazi alikuwa mmojawapo. Aliivunja nyumba yake mwenyewe kabla ya tinga kufika. Alichukua mabati, milango miwili, nondo zilizoweza kunyooka, na kwa sababu asizoweza kuzieleza, matofali manne ya chini ya kitanda chake. Amejenga Chanika. Ni vyumba viwili na baraza, na hakuna kizingiti.

Ninaamini mradi ni wa lazima, na ninaamini pia kwamba mashaka yangu juu yake ni ya haki. Mpango wenyewe unakiri kwamba tope linatoka juu na kwamba bila kulizuia huko, mkondo utakaochimbwa chini utajaa tena. Lakini hakuna mkandarasi atakayeajiriwa kupita Kinyerezi geti kwa geti akiuliza bomba hili linaelekea wapi. Kibali changu cha ujenzi kilitaka niioneshe serikali ya mtaa mahali pa shimo la choo. Mahali pa maji ya mvua hakuna aliyeniuliza, isipokuwa fundi.

## Mgeni wa Jumapili

Shangazi alikuja kututembelea Jumapili moja mwezi Aprili, akiwa na mfuko wa mihogo ya Chanika. Watoto walimwamkia, akawaitikia marahaba kwa kila mmoja na jina lake, kisha akauzunguka ua akiusifia. Alisema vitofali vimepangwa vizuri, na kwamba fundi wa kwangu ana mkono kuliko wa kwake. Karibu na geti alisimama. Aliinama kidogo, akachungulia tundu la bomba.

"Na hili linakwenda wapi?"

"Nje, shangazi."

Alicheka, ile cheko yake ya puani, bila ubaya wowote.

"Nje ndiko nilikokuwa nakaa mimi."

Akaingia ndani kumenya mihogo na mke wangu. Hakulirudia tena neno hilo siku nzima, wala sidhani kama alikusudia linichome. Kwake ilikuwa taarifa tu ya mahali.

## Shimo

Nilimpigia fundi. Nilimwambia nataka tutoe safu tatu za vitofali upande wa ukuta wa mashariki tupande nyasi, tufunge mfereji wa bati unaoelekeza maji ya paa kwenye simtanki la lita 5,000, na tuchimbe shimo la mawe la kunywesha maji yanayobaki. Alininyamazia kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani simu imekatika.

"Bosi, watu wananiita niyatoe maji. Wewe unanilipa yabaki?"

Alikuja, na alifanya kazi kwa uangalifu kuliko mara ya kwanza. Alikataa kuchimba mahali nilipopachagua, akanionesha kwamba ni karibu mno na msingi na si mbali na shimo la choo, na kwamba nikiyanywesha maji pale nitajibomolea nyumba kwa kutaka sifa. Tulipata mahali kwenye kona ya chini. Shimo likawa mita moja na nusu kwa moja na nusu, kina mita mbili. Nilipiga hesabu tena kwenye daftari: mawe yanakula zaidi ya nusu ya nafasi, kwa hiyo linabaki na uwezo wa kushika chini ya lita 2,000 kwa mkupuo mmoja, pamoja na kinachozama linapoendelea kunywa. Ukiongeza simtanki, na likiwa tupu wakati mvua inaanza, nimeshika kama lita 7,000 kati ya 32,000.

Gharama ilikaribia ile ya pevingi yenyewe. Mke wangu aliuliza, kwa upole ambao ulinitisha, kama wiki ijayo nitazirudisha pia zile tipa kumi na moja mtoni.

Mvua ya kulipima ilikuja wiki ya pili ya Mei, alasiri, nikiwa nyumbani. Nilisimama barazani na saa mkononi. Simtanki lilijaa kwanza. Shimo lilikunywa kwa dakika arobaini hivi, nikawa nalitazama kwa fahari isiyo na aibu, kisha maji yakaanza kuonekana kati ya mawe ya juu, yakatulia hapo kidogo, yakapata mteremko wa zamani na kuelekea kwenye kona. Bomba, ambalo sikuwa nimeliziba, likameza.

Nilitoka getini na mwavuli. Maji yalikuwa membamba kuliko ya siku ile, hayakuruka, yalitiririka yakigusa uzio. Jirani wa kulia naye alikuwa ametoka, analiangalia bomba lake likichimba barabara.

"Naona umechimba shimo," alisema. "La nini?"

Nilimweleza. Nilimtajia Suna, nikamtajia na lita. Alisikiliza hadi mwisho, mtu mstaarabu, huku akilitazama bomba langu.

"Na likijaa?"

"Likijaa," nikamwambia, "yanatoka nje."